Gundi ya mjusi kafiri inauzwa wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kubandika stika kwenye vioo vya maduka, Kariakoo. Tepu ikishika vumbi mara moja tu, kwisha kazi. Lakini mjusi kafiri anakatiza kwenye kioo hichohicho, na vumbi lote lile la Mtaa wa Kongo, wala hadondoki. Gundi yake ni ya namna gani, na inauzwa? – Fundi, Tandika

JIBU: Marahaba, fundi. Mjusi kafiri hana gundi hata tone. Usiku, taa ikiwaka ndani, msogelee akiwinda wadudu upande wa pili wa dirisha, umtazame vidole kwa chini. Utaona vikunjo vyeupe vimepangana. Vikunjo hivyo vimejaa vinyweleo ambavyo jicho halivioni. Kwa tokei, mjusi wa Asia aliyechunguzwa sana, unyayo mmoja una kama nusu milioni, na kila kinyweleo kinachanua mamia ya vincha bapa. Vincha vinakigusa kioo kwa karibu mno hadi molekuli za huku na huku zinavutana. Mwaka 2002 Kellar Autumn na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa kinachomshika ni mvuto huo, uitwao van der Waals.

Akitaka kunyanyua mguu, hukunjua vidole kuanzia nchani. Kinyweleo kikifika pembe ya kama digrii 30, chenyewe kinaachia. Na vumbi? Punje hung'ang'ania zaidi ukuta kuliko vile vincha vichache vinavyoigusa, kwa hiyo kila hatua anaiacha nyuma. Hapo ndipo tepu yako inaposhindwa: gundi ni laini na inanata, ikishaibeba punje haiitui tena. Ila naye ana kiboko chake: mweke kwenye kikaango cha tefloni, kikavu, uone anavyoteleza.

Kuigiza wameigiza. Mwaka 2003 Andre Geim na wenzake kule Manchester walitengeneza tepu ya vinyweleo vya plastiki. Ilishika vizuri, lakini baada ya kubandikwa mara chache vinyweleo vikagandana. Mwaka 2014 mtu wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwenye kilo 70 hivi, alipanda ukuta wa kioo kwa vibao viwili vya mkononi. Hicho ningelipa nauli kukitazama!

Bidhaa za aina hiyo zipo ughaibuni, hasa za viwandani. Kwa stika zako, pangusa kioo kwa spiriti, kikauke, ndipo ubandike.