Mtu wa Kigoma ukienda kutembea juu ya ziwa lililoganda

Nimefundisha jiografia miaka kumi na sita, na kila mwaka naandika ubaoni maneno yale yale: ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani ni Baikal, Urusi, mita 1,642, la pili ni letu, Tanganyika, mita 1,470. Kila mwaka darasa linanuna. Watoto wa Katonga na Kibirizi hawapendi kuwa wa pili kwenye mambo ya maji. Nawatuliza kwa urefu: letu linakaribia kilomita 670, lao 636. Mwaka juzi kijana mmoja wa kidato cha pili akaninyooshea mkono, "Mwalimu, wewe umeliona hilo?" Sikuwa nimeliona. Swali lile likanikaa kooni kama mwiba wa mgebuka.

Mdogo wangu anasoma udaktari Irkutsk, mji ulio karibu na Baikal, na tangu afike huko alikuwa akinisisitiza, "Dada njoo, ila njoo Februari." Nilidhani ananitania. Nani anakwenda Siberia Februari? Mama, pale Ujiji, aliposikia nimeanza kuweka akiba aliuliza swali moja tu: "Yaani unalipa nauli ukaone baridi?" Ndiyo, nililipa. Tangu nirudi naulizwa maswali kila kona, kwa hiyo naandika hapa yale niliyotamani mtu angeniambia kabla sijaondoka.

La kwanza ni siku, na hapa ndipo nilipoumia. Wakala mmoja wa Dar aliniuzia mpango wa siku tano, maeneo tisa. Kwenye karatasi ulipendeza. Siku ya pili tukafika Sakhyurta, kijiji ambako magari yanaingia kwenye barafu kuvuka kwenda kisiwa cha Olkhon, tukakuta upepo unarusha theluji hadi huoni pua ya gari lako, na njia imefungwa. Tukalala hapo. Kesho yake, bado. Nikaanza kugombana na dereva, mzee wa Kiburyati, kabila la wenyeji wa huko, mwenye mashavu mekundu, kwamba nimelipia, kwamba nina ratiba. Mdogo wangu alikuwa akitafsiri nusu tu ya maneno yangu, nusu nyingine akiimeza kwa aibu. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema Baikal halijui ratiba yangu.

Nikajiona mjinga. Pale Kibirizi, nahodha akisema leo ziwa limechafuka, hatuendi Gombe, mtu wa Kigoma anabisha? Anaketi, anaagiza chai, anasubiri. Anayebisha ni mgeni anayetazama saa. Nilikuwa nimegeuka mgeni yule yule ambaye sisi humcheka.

Basi ushauri wangu: punguza maeneo, ongeza siku. Kama una wiki moja, toa siku nne kwa Olkhon, zinazobaki zigawe kati ya Irkutsk na treni ya kandoni mwa ziwa (nitaifikia), na mengine yote yafute bila huruma. Muda wenyewe ni katikati ya Februari hadi katikati ya Machi. Ziwa huganda Januari na barafu haimaliziki hadi Mei, lakini mwanzoni bado ni changa, watu wanavushwa kwa vyombo vinavyopuliza hewa chini yake na kuelea juu ya hewa hiyo, na kuanzia Aprili inaoza. Katikati hapo ndipo inakaribia unene wa mita moja, magari yanapita juu yake, na upepo umeifagia theluji ukaacha kioo kitupu.

Nguo sasa. Usinunue koti jipya dukani. Makoti mazito ya baridi yapo kwenye marobota ya mitumba, hata hapa sokoni Mwanga, kwa sababu hakuna anayeyataka isipokuwa vijana wa bodaboda. Mimi langu nilimkuta nalo dereva wangu wa bodaboda, la manyoya ndani, refu hadi magotini. Nikamwomba aniuzie. Akanitazama kama naumwa. "Mwalimu, kuna baridi gani Kigoma?" Tukakubaliana bei.

Lakini koti siyo siri ya baridi. Siri ni kinachogusa ngozi. Fulana ya pamba, ambayo sisi tumezoea, inanyonya jasho na kubaki mbichi, na ukisimama dakika kumi jasho lile linakuganda mgongoni. Siku yangu ya kwanza nilivaa fulana mbili za pamba, nikapanda kilima mbio kwa furaha, nikatoka jasho, na nilivyotetemeka jioni ile ni Mungu tu anajua. Ndani vaa sufu au kitambaa kile cha michezo kinachokauka haraka. Katikati sweta zito. Juu kitu cha kuzuia upepo. Ukianza kuona joto, fungua zipu kabla jasho halijaanza. Na tembea polepole. Mtu wa huko hakimbii.

Viatu nunua kule kule. Wana mabuti ya sufu iliyogandamizwa, wanayaita valenki, yanaonekana kama ya kuchekesha mpaka uyavae. Yawe makubwa kidogo. Kiatu kikibana, damu haipiti, na vidole ndivyo vinavyotangulia kufa ganzi. Chini unafunga vyuma vidogo vyenye meno, la sivyo juu ya barafu tupu utatembea kama bata, na utaanguka kama gunia. Mimi nilianguka mara tatu, moja mbele ya wanajeshi.

Jambo ambalo vitabu vyao havituambii sisi weusi: kule wanaambiwa wachunge wekundu na weupe wa ngozi kama dalili za kuungua na baridi. Kwenye ngozi yetu wekundu huuoni. Unachoweza kuona ni rangi ya majivu, na kabla ya hapo ni ganzi: shavu au ncha ya sikio iliyokuwa inauma inaacha kuuma ghafla. Kuacha kuuma siyo nafuu. Ingia ndani, pafunike kwa kiganja chenye joto, usipasugue, na usipake theluji hata nani akuambie. Na pombe iache. Inakudanganya kwa kupeleka damu kwenye ngozi, unahisi moto huku joto la ndani linakutoka.

Simu ilinizimikia ikiwa na chaji asilimia sitini. Baridi inaikaba betri. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, itoe, piga picha, irudishe. Ukiingia nyumbani ifunge kwanza kwenye mfuko wa nailoni hadi ipate joto, la sivyo umande wote wa chumba unaingia ndani yake.

Pesa: beba taslimu. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko, na mpango wako wote unaweza kukwama dukani ukishika mkate mkononi.

Sasa barafu yenyewe. Siku ya tatu ya kusubiri njia ikafunguliwa. Kabla ya kushuka kwenye ziwa dereva alitufungulia mikanda. Nikadhani amekosea. Kumbe ndiyo kanuni: kwenye barafu mkanda haufungwi, ili gari likizama utoke. Unaendeshwa taratibu, mwendo wa baiskeli. Gari lenyewe ni la zamani la Kirusi, limeumbwa kama mkate wa boflo, na wao wenyewe wanaliita hivyo hivyo, mkate.

Katikati tukasimama nikashuka. Ndugu zangu, nimezaliwa nikitazama maji. Nimeyaona yakiwa ya buluu, ya kijani, ya fedha alfajiri. Sijawahi kusimama juu yake. Chini ya miguu yangu palikuwa peusi, weusi wa kina, na ndani ya weusi ule mistari meupe ya nyufa ikishuka kama mizizi, halafu viputo vya gesi vimeganda vikiwa vinapanda, kimoja juu ya kingine, kama sarafu zilizopangwa. Nikalala kifudifudi, nikaweka mikono pembeni ya uso kuzuia mwanga. Nikawa natazama chini kama mtoto anayechungulia kisima. Mdogo wangu ananiita tuondoke, sisikii.

Kisha likapiga. Mlio kama wa ngoma kubwa iliyopigwa mbali, ukapita chini yangu, ukaishia upande wa milima. Niliruka. Yule mzee akacheka hadi akashika gari. Barafu inatanuka na kusinyaa kwa joto la mchana na baridi ya usiku, inapasuka, inajiziba tena. Mlio ule ni wa kawaida. Pa kuogopa ni pale penye ufa mpana wenye maji, na wenyeji wanajua pako wapi mwaka huu. Wewe hujui. Usikodi gari uendeshe mwenyewe, usitoke nje ya njia, usimfuate mtu wa mtandaoni.

Kijijini Khuzhir, kisiwani Olkhon, kwenye rasi ya Burkhan, kuna nguzo za mbao zilizofungwa vitambaa vya rangi rangi. Waburyati wanapaheshimu mahali hapo. Usipande kwenye mwamba, na vitambaa usivishike. Nenda alfajiri, katikati ya Februari jua linachomoza kama saa mbili na robo, kwa hiyo huna haja ya kujitesa. Chini ya mwamba, maji ya mawimbi ya mwanzo wa majira ya baridi yameganda juu ya mawe yakining'inia kama meno. Vaa miwani ya jua. Mwanga unaorudi kutoka kwenye barafu unachoma macho kuliko wa saa sita hapa kwetu.

Mchana mmoja tulimkuta mvuvi amekaa juu ya kigoda. Ametoboa tundu kwa keekee ndefu ya mkono, upana wa sahani, uzi unaingia majini, yeye anautikisa kidogo kidogo. Nikamwonyesha video ya wavuvi wetu wa dagaa usiku, taa zimejaa ziwani kama mji. Akaitazama mara tatu. Akauliza kama tunavua hivyo mwaka mzima. Nikamweleza kwamba 2024 ziwa letu lilifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, samaki wapumzike, na jinsi watu walivyolalamika. Akatikisa kichwa. Kwao samaki anaitwa omul, na uvuvi wake wa biashara ulipigwa marufuku 2017 kwa sababu alikuwa anapungua. Tukawa tumeelewana bila mkalimani kwa muda kidogo. Akitokea mtu pembeni ya barabara anakuuzia omul wa kukaushwa kwa moshi, uliza kwanza ametoka wapi.

Kama pesa yako ni ndogo, au umri hauruhusu mikiki ya barafu, basi panda treni ya kawaida ya abiria kutoka Irkutsk hadi Slyudyanka. Inateremka kwa kona kali kutoka milimani, na ghafla ziwa zima linafunguka chini yako, jeupe hadi mwisho wa macho. Kaa upande wa kushoto. Ukiendelea mbele, unakuwa na milima ya Khamar-Daban yenye theluji upande mmoja na ziwa upande wa pili. Stesheni ya Slyudyanka imejengwa kwa marumaru tupu. Mimi ninayependa stesheni yetu ya Kigoma nilikiri moyoni kwamba hapo wametuweza.

Na Irkutsk usipite bila kuiona meli Angara, iliyo makumbusho sasa. Ni meli ya kuvunja barafu, iliundwa Uingereza, ikaletwa Siberia vipande vipande na kuunganishwa ziwani, ikaanza kazi 1900. Nilipokuwa nasomewa maelezo hayo nilianza kutabasamu peke yangu. Liemba yetu nayo iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafungwa masandukuni, ikaja kwa meli hadi Dar na kwa reli hadi Kigoma. Maziwa mawili marefu kwenda chini kuliko yote duniani, na meli zake zote mbili zilifika kama mizigo ya kuungwa kwa nati. Lakini hadithi yao ya 1904 sisi hatuna: vita na Japani, reli ya kuzunguka ziwa haijaisha, wakatandika reli juu ya barafu. Injini ya treni ikaivunja barafu. Basi wakayavuta mabehewa kwa farasi.

Nilirudi na chupa ndogo ya maji ya Baikal. Nimewaonyesha kidato cha pili, wakaipitisha mkono kwa mkono, mmoja akainusa akasema haina harufu ya dagaa. Yule kijana aliyeniuliza swali alitaka kujua kama niliogopa. Nikamwambia ukweli, mara moja, ule mlio.

Koti nimemrudishia mwenyewe, bure, kwa sharti asimwambie mtu bei aliyoniuzia. Analivaa akinipeleka shuleni asubuhi, vifungo wazi, jasho linamtoka.