Mtazamaji umemketisha wapi?

Aliyenifunza kushuti video za muziki ni mama mmoja wa Manyatta, hapa Kisumu, na alinifunza kwa kuinuka tu akaenda jikoni.

Nilikuwa nimemaliza video ya mwanawe, msanii wa ohangla, muziki wa Waluo, aliyekuwa bado anajitafuta. Tulijazana sebuleni kwao kuitazama, watoto chini kwenye mkeka, wazee kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kumsifu huyo mama, aliyemlea peke yake kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Dakika ya kwanza alikuwa akitabasamu. Kisha kamera yangu ikashuka viunoni mwa wasichana waliokuwa wakicheza, ikang'ang'ania hapo. Mama akasema anaenda kutazama chai. Chai ilikuwa tayari mezani.

Nilikasirika kimoyomoyo. Nilikuwa nimekodi gari kubwa, nimeomba nyumba ya watu Milimani, nimekesha nikikata picha. Ilinichukua wiki kadhaa kukubali kwamba hakuondoka kwa ushamba. Kamera ni kiti: unapoiweka ndipo mtazamaji anapoketi, apende asipende. Mimi nilimchukua mzazi wa watu nikamketisha kwenye kona ya baa, macho yake nikayaelekeza mahali ambapo hawezi kuangalia mbele ya wajukuu. Wimbo ulimwita mama, picha zikamwita mlevi.

Kwa hiyo kabla ya kukodi chochote, muulize msanii anamwimbia nani, na usikubali jibu la "mashabiki wote".

Jambo hili watu wa ohangla wanalijua tangu zamani. Ni sisi wa kamera tuliolisahau. Kwenye ngoma za ukumbini kuna pakruok: mtu anatoa noti, muziki unapunguzwa, anajisifu, anawasifu wakwe zake na kijiji chao, kisha ngoma inarudi kwa kishindo. Kwa dakika hiyo aliyekuja kusikiliza ndiye mwenye ukumbi. Video haiwezi kumtaja kila mtu kwa jina, lakini ina jicho. Msanii akitazama moja kwa moja ndani ya lenzi, mtu aliyelala na simu yake anahisi ameitwa yeye. Akitazama pembeni, mtazamaji anakuwa jirani anayechungulia dirishani. Njia zote mbili zinafaa, ila usizichanganye ovyo. Mimi huliweka jicho la moja kwa moja kwenye kiitikio na kwenye mistari inayomtaja mtu, maana ukikodolewa macho dakika nne mfululizo hata wewe utachoka.

Video ya pili tulienda kuishuti Dunga, ufuoni, saa moja asubuhi, akina mama wakitoa samaki aina ya ngege magamba. Nilianza nikiwa nimesimama, kamera ikiwatazama kutoka juu, hadi mmoja akaniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Nikapindua ndoo, nikakaa, lenzi ikawa usawa wa macho yake. Picha ikabadilika papo hapo: kisu, magamba yakirukia lenzi, uso wake mbele, ziwa nyuma. Mtazamaji hakuwa tena mgeni anayepiga picha wenyeji. Alikuwa mteja aliyekalia ndoo, anangojea samaki wake. (Waombe ruhusa kwanza, na uwalipe muda wao. Biashara ya asubuhi haisubiri sanaa.) Droni nilikuwa nayo, ya kuazima, nikabakiza sekunde tatu tu za picha zake. Achilia mbali vibali. Picha ya angani ni tamu lakini inamgeuza mtazamaji kuwa ndege, na ndege hana shangazi.

Ukimaliza, usiipime kwenye kompyuta yako. MTV ilipoanza Marekani mwaka 1981, video ilikuwa kitu cha kutazamwa sebuleni. Yako itachezwa kwenye matatu ya Kondele, dijei ameikata baada ya ubeti mmoja, au kwenye simu iliyoshikwa wima, kidole kiko tayari kuipitisha. Mimi huzima sauti, nikampa mtu asiyeujua wimbo, nikamuuliza ni nani anayeongeleshwa. Akibabaika, narudi kukata upya. Na ukiweka maandishi ya Kiswahili kwa wasiojua Dholuo, yasifunike mkono wa mpiga orutu, ile fidla ya uzi mmoja, maana mjuzi anautafuta huo.

Yule mama aliitazama ya pili mpaka mwisho. Akataka irudishwe pale penye leso ya muuza ngege, akaikagua vizuri. Kisha akanigeukia: yeye ameuza omena miaka yote hiyo, mimi nilienda Dunga kumtafuta nani?