Mshale unasoma 90, simu inasema 100

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina gari ya zamani, spidomita yake ni ya kebo. Nimetoa difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma) ya 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja, nikaweka ya 3.7 ili injini isilie sana nikiwa spidi, raha kweli, ila sasa spidomita ikisoma 90 GPS ya simu inasema 100. Fundi anataka kung'oa mshale ausogeze mbele. Nimruhusu?

JIBU: Mkatalie! Mshale ukisogezwa unaongeza kiasi kilekile kila mahali, kwahiyo gari ikisimama haulali kwenye sifuri, na odomita (ile inayohesabu kilomita) ndo kabisa haijui kama kuna kitu kimefanyika.

Kwanza tembea kilomita 20 za GPS uone odomita imehesabu ngapi. Ikihesabu 18, spidomita yako ni nzima, shida ni mizunguko ya kebo, na mi nategemea iwe hivyo maana 3.7 gawanya kwa 4.1 ni 0.9, kebo inazungushwa na giaboksi na shafti yake ya nyuma sasa inazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita. Ikihesabu 20 kamili, basi ni sumaku au springi ya ndani, sababu odomita inaenda kwa gia tupu ila mshale unavutwa na sumaku.

Unataka uhakika? Chomoa kebo nyuma ya spidomita, bandika kikaratasi kwenye waya wa ndani kama bendera, sukuma gari mita 20 za kupima kwa tepu huku mwenzio anahesabu. Spidomita nyingi za Kijapani zinataka mizunguko 637 kwa kilomita, hapo ni kama 12 na robo tatu, we utapata 11 na nusu hivi. Na usije ukapiga jeki tairi moja ukalizungusha, difu itakudanganya, hesabu inatoka nusu.

Dawa iko kwenye kile kigia kidogo, mara nyingi cha plastiki, kinachoshika kebo ubavuni mwa giaboksi. Hesabu meno. Kama ni 20 tafuta cha 18, kebo itaongeza mwendo asilimia 11, inatosha kurudisha ulichopoteza (kigia kingine kinataka na nyumba yake, uliza kabla hujalipa). Ukikosa, kuna kiboksi cha gia kinachofungwa katikati ya kebo.

Ukimaliza rudia zile kilomita 20. Odomita ikigonga 20 na mshale bado unadanganya, hapo sasa ndo ufungue spidomita.