Usivute hiyo kamba! Johnson 25 ya zamani ilivyoniumbua Pangani

Mkuu simama hapo hapo. Umesema Jumamosi unaenda kuiona hiyo Johnson 25 ya kizamani, mashine ya boti ya farasi 25, imelala stoo miaka sita, mwenyewe anadai ni ya 1992, anataka milioni moja na laki sita, na atakuwashia pale pale uani kwake "sekunde kumi tu usikie mlio". Hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma niko kwenye daladala nikapitiliza kituo. Hizo sekunde kumi ndizo zilizonila mimi karibu milioni mbili, na nikikumbuka mpaka leo tumbo linauma.

Usivute kamba ya kuwashia. Na yeye usimruhusu avute. Maswali yako mengine, ya mchanganyiko wa oili na petroli, ya shafti (urefu wa mguu wa mashine) na mengineyo, tutayafikia huko mbele tukijaaliwa.

Mimi nilinunua ya kwangu Tanga mjini, Johnson 25 hiyo hiyo, silinda mbili, ya kuvuta kwa kamba, milioni moja na laki tatu baada ya kubishana nusu siku. Muuzaji alikuwa mzee mpole sana, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, kanikaribisha kahawa, nikajisemea huyu hawezi kunidhulumu. Naye akaniambia ya 1992! Sijui hawa watu wanakutana wapi wakapanga. Angalia kibati kwenye ile bano inayoshika boti, kina namba ya modeli. Kuanzia 1980 Johnson na ndugu yake Evinrude walikuwa wanaficha mwaka kwa herufi za neno INTRODUCES, I ni 1, N ni 2, T ni 3, unaendelea hivyo mpaka S ambayo ni 0. Achana na herufi ya mwisho kabisa, soma mbili zilizo kabla yake. Yangu ilikuwa CR, C ni 8, R ni 4, yaani ya 1984. Hiyo "1992" labda ndiyo mwaka mzee alioa. Ila sikuumia kwa hilo, mashine ya 84 ikitunzwa inapiga kazi vizuri tu, na yangu ilitunzwa kweli. Inaniuma kusema hivi lakini ILIKUWA NZIMA. Niliyeiua ni mimi.

Ilikuwa hivi. Nimefika nayo Pangani saa nane mchana, nikaifunga kwenye magogo mawili chini ya mwembe, fundi wangu akaja (nasema fundi kwa heshima tu, leo nikimwona nabadilisha njia), akasafisha plagi, akatia mchanganyiko kwenye tenki, akavuta kamba. Ya kwanza kimya, ya pili ikakohoa, ya tatu ikawaka! Moshi mweupe, watoto wanaruka, jirani katoka na mswaki mdomoni, mke wangu kasimama mlangoni anatabasamu, siku nzima alikuwa amenuna kwa sababu ya hela. Tukaizima. Akaja shemeji hajaiona, tukawasha tena. Akaja mwenyekiti wa mtaa, tukawasha tena. Mpaka magharibi tumeiwasha kama mara sita kavu kavu bila tone la maji, na kila nikimuuliza fundi haina tatizo kweli ananijibu "mashine za zamani hizi chuma tupu, hazifi, hizo mpya ndio plastiki".

Sasa sikiliza. Chini kule kwenye mguu, juu kidogo ya propela, kuna pampu ya maji, na ndani ya pampu kuna kidude cha raba chenye mbawa, kinaitwa impela. Ndicho kinachovuta maji ya bahari kuyapandisha kwenye bloku yaipoze. Hiyo raba inalainishwa na yale yale maji inayoyapampu, haina kilainishi kingine. Ikizunguka kavu inajisugua kwenye kikombe chake, inapata moto na kuungua ndani ya sekunde, narudia sekunde. Na hiyo ni raba mpya. Iliyolala miaka sita mbawa zake zimekunjwa upande mmoja zikakaukia hapo hapo, ngumu kama soli ya yeboyebo iliyosahauliwa juani. Ukiiwasha haikunjuki, inakatika. Na vipande havitoki nje, vinapanda juu na njia ya maji na kwenda kuziba huko huko ambako maji yanatakiwa kupita.

Kesho yake tukasema tuijaribu kwenye pipa kitaalamu. Kitaalamu gani, pipa lenyewe limekatwa nusu, maji yameishia kwenye propela, pampu iko juu inachungulia. Ule mkojo wa nyuma, yaani maji ya kupoza yanayorudi nje, ukatoka mwembamba kama uzi. Nikamwambia fundi mbona kidogo hivi, akachukua waya akachokonoa tundu, ukaongezeka kiduchu, akasema "si unaona maji hayo yanatoka, unataka yatoke kama bomba la DAWASA?" Nikacheka. Nilicheka mimi! Mkojo kutoka maana yake kuna maji kiasi fulani yanapita, haimaanishi kwamba yanatosha. Hata bomba bovu linadondosha.

Jumapili tukashuka baharini. Mimi, shemeji, na rafiki yangu mmoja, deli la soda na barafu, tunaenda kisiwa cha Maziwe kama watalii. Mwezi wa saba, kusi linapuliza, maji yanakupwa, mto nao unatusukuma nje, mashine inaimba vizuri kabisa mpaka nikaanza kupiga hesabu za kubeba wageni. Kama dakika ishirini hivi baada ya kutoka mlangoni mwa mto nikasikia harufu ya rangi inaungua. Shemeji akasema kuna mtu anakaanga samaki. Baharini! Mashine ikaanza kuishiwa nguvu, na hapa ndipo nataka usome taratibu kwa sababu kosa la kavu kavu lilikuwa bado linaweza kusameheka, ningezima pale pale labda ningenusurika, lakini rafiki yangu akasema "imesongwa hiyo, iongezee mafuta ikohoe" na mimi mwenye mashine, mwenye milioni yangu, nikafungua mkono wa mafuta wote. Mashine yenyewe haikuwa na king'ora wala taa ya kuonya joto, ilikuwa na mimi tu. Ikalia krrr, ikasimama. Nikavuta kamba, imegoma kama imefungwa kwenye mnazi.

Mto unasukuma nje, kusi linasukuma pembeni, nanga tulikuwa nayo alhamdulillah. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili mpaka ikapita ngalawa ya tanga ya mzee mmoja anatoka kuvua, akatufunga kamba kutusogeza pwani. Yaani ngalawa ya tanga inavuta boti ya mashine, na watu wote wamesimama pale kivukoni wanaangalia. Mzee akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, hiyo mashine yako inakula petroli au inakula mwenyewe?" Jina hilo lilinikaa mtaani mwaka mzima, Mliwa na Mashine.

Tulipoifungua sasa. Bolti za silinda hedi mbili zilikatika kwa sababu ya chumvi. Pistoni ya juu imekwaruzika upande mzima, ringi zimegandia kwenye mifereji yake, ukuta wa silinda una michirizi unaisikia kwa kucha. Tukashusha mguu (ambao ungeshushwa SIKU YA KWANZA, ni bolti chache tu, na ukumbuke kutenganisha fimbo ya gia la sivyo hautoki) impela imebaki na mbawa mbili, nyingine tulizikuta vipande vipande huko juu. Kuchonga bloku kwa fundi mitambo laki tatu na nusu, pistoni za saizi kubwa na ringi niliagizia kwa binamu yangu Muscat ikaja laki saba, gasketi, kung'oa bolti zilizokatika, nauli, soda za kuwabembeleza mafundi, halafu miezi mitano boti imelala kifudifudi. Impela mpya na kikombe chake wakati ule ilikuwa elfu tisini. Elfu tisini mkuu!

Na yule fundi unajua aliniambia nini? "Si nilikwambia mashine za zamani zinataka uangalifu." Hajawahi kuniambia kitu kama hicho maishani mwake. Na mzee wa kanzu nilimpigia, akasema mbona kwake ilikuwa inawaka vizuri. Ndio mzee, kuwaka iliwaka, tatizo halikuwa kuwaka! Hii ndio tabia ya wauza mashine pwani nzima, wanakuuzia mlio. Mlio unasisimua, unasahau kuuliza.

Kwa hiyo Jumamosi nenda, lakini nenda na spana, chupa ya oili, na geji ya kompresheni (ya kupima mgandamizo ndani ya silinda) hata ya kuazima. Fungua skrubu ya chini ya mguu, oili ya gia ikitoka kama chai ya maziwa ujue maji yameingia, sili zimekwisha, shusha bei. Toa plagi, dondosha oili kidogo kwenye matundu, zungusha flaiwili, lile gurudumu la juu ya mashine, kwa mkono kufuata saa, ikigoma usilazimishe. Ikizunguka vizuri ndio upime kompresheni, mkono wa mafuta wazi wote, waya za plagi zigusishwe kwenye bodi. Najua utasema mbona hapo nako navuta kamba. Plagi zikiwa nje haiwaki, inazunguka mizunguko michache tu, kinachoua ni kuiacha ivume. Usihangaike sana na namba yenyewe maana geji zetu nazo zina mambo yake, angalia silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia kumi hivi.

Ukishalipa, kabla haijanusa petroli, mguu chini, impela mpya. Usiseme "hii bado inaonekana nzuri". Na ya kwangu ingeonekana nzuri. Kampuni iliyokuwa inatengeneza hizi Johnson ilifilisika Desemba 2000 lakini impela zake bado zinatengenezwa mpaka leo, peleka namba ya modeli, usipeleke neno "ya 1992". Wakati wa kuivalisha paka grisi au sabuni, sukuma huku unazungusha kufuata saa ili mbawa zilale upande wake. Halafu pipa zima, maji yapite juu ya pampu.

Mchanganyiko uliuliza pia, 1 kwa 50, lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, chupa iwe imeandikwa TC-W3, hiyo ndiyo alama ya oili ya mashine za boti, ya bodaboda waachie bodaboda. Shafti fupi au ndefu na ile ya nne uliyouliza sijui ilikuwa nini, wataalamu wengine watakujibu, mimi vidole vimechoka na hasira zimerudi.

Picha ulizoweka za kava na stika hazinisaidii kitu, piga ya kibati na ya hiyo impela itakayotoka uziweke hapa. Na ukifika kwa huyo jamaa, kabla ya salamu weka kiganja kwenye bloku. Ukikuta ina moto, yaani ameshakutangulia kuiwasha, geuza urudi nyumbani. Nauli nitakurudishia nusu.