Karani Hakuiba: Onyo kwa Wanaolinganisha Desimali

Msomaji wa Iringa ameniandikia: "Kaka, programu yangu inajumlisha 1.1 na 2.2 halafu inakataa kwamba ni 3.3. Nimefuta Python, lugha ninayoandikia programu, nikaiweka upya, bado. Kompyuta imeharibika?"

Haijaharibika, mdogo wangu. Jumla unayopata ni 3.3000000000000003. Ukiuliza kwa ==, alama ya kuuliza kama namba mbili ni sawa kabisa, kama hiyo ni 3.3, jibu sahihi ni hapana.

Swali hili linanichoma, kwa sababu nimeona likimponza mtu. Msimu uliopita niliitwa kwenye kituo kimoja cha kukusanyia parachichi huko Rungwe. Programu yao, waliyoinunua kwa hela nyingi, ilijumlisha kreti za kila mkulima, kisha ikalinganisha na jumla ya siku. Zikitofautiana, mstari mwekundu: HAIKUBALIANI. Siku nyingine ulitokea, siku nyingine haukutokea, na viongozi wakaona huo ndio mtindo wa mwizi. Karani wa mizani, dada mpole anayeandika kwa mwandiko safi kabisa, alikuwa ameshapewa barua ya onyo. Aliyeiuza programu alijibu kwa simu kwamba hapo kuna mkono wa mtu. Mpaka leo jibu hilo linaniuma.

Niliomba tarakimu zote zionyeshwe bila kufupishwa. Tofauti ilikuwa mbali kule, tarakimu ya kumi na mbili baada ya nukta ya kilo. Vumbi la kwenye kreti lina uzito kuliko huo! Nilimwita mwenyekiti aje aone mwenyewe, na barua ikafutwa. Ninajivunia kazi ile kuliko mradi wowote ulionilipa vizuri.

Kompyuta nyingi hufuata IEEE 754, kanuni ya kuhifadhi desimali iliyotoka mwaka 1985. Desimali ya kawaida hupewa biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1, na tarakimu zenyewe hubebwa na usahihi wa biti 53. Sasa, moja ya kumi haina mwisho katika mfumo wa 0 na 1, kama vile theluthi kwetu ni 0.333 isiyokoma. Lazima ikatwe. 0.5 na 0.25 hukaa kamili, 1.1 haikai. Vipunje vya makosa hujikusanya, na mara nyingine hufutana, ndiyo maana mstari mwekundu ulikuja na kutoweka.

Kwa hiyo usilinganishe desimali kwa ==. Uliza kama tofauti ni ndogo kuliko kiasi unachokikubali: abs(a - b) < 0.001, ambapo abs huondoa alama ya hasi. Python ina math.isclose, inayouliza kama namba mbili zinakaribiana, ila ukilinganisha na sifuri uipe abs_tol, yaani tofauti unayoikubali, la sivyo itakukatalia hata kwa tofauti ndogo mno. Narudia, usitumie ==.

Pale kituoni nilihamisha uzito wote kwenye gramu, namba nzima: kilo 18.4 ni 18,400. Ukibadilisha, tumia round, inayokupa namba nzima iliyo karibu zaidi. Ukitumia int pekee, inakata kila kilicho baada ya nukta na unaweza kupoteza gramu ya mkulima.

Vijana wenzangu mnaowaandikia programu wakulima, mstari mnaouandika usiku unasomwa asubuhi na mtu mwenye mamlaka ya kumfukuza mwenzake. Msimwachie neno HAIKUBALIANI peke yake. Andikeni tofauti ni gramu ngapi, na mizani inasoma kwa hatua ya gramu ngapi, ili mwenyekiti apime mwenyewe kabla hajamwita karani ofisini.