Kikombe kishikwe kwa mkono uleule: kwa kijana anayeanza kuigiza kwenye kamera

Kijana anayekuja kwenye usaili kwa mara ya kwanza mara nyingi huwa amejiandaa kulia. Machozi yanamtoka, sauti inakatika panapotakiwa, na aliyemsindikiza anatikisa kichwa kwa fahari. Halafu hapigiwi simu. Kipaji anacho, ila alipoambiwa "rudia, vilevile" alileta kitu kingine kabisa, na kazi ya kamera karibu yote ni kurudia vilevile.

Chukua sini ya dakika 2 watu wakiwa mezani. Itarekodiwa kwa picha pana inayowaonyesha wote, kisha picha ya karibu ya mwenzako, kisha ya kwako, na kila pembe inaweza kurudiwa mara 3 au 4. Ikiwa kwenye picha pana uliinua kikombe kwa mkono wa kulia ulipofika neno "nilikwambia", halafu kwenye picha ya karibu ukakiinua kwa kushoto neno likiwa limeshapita, mhariri hawezi kuunganisha. Mtazamaji ataona kikombe kinaruka. Mhariri atakwepa tatizo kwa kubaki kwenye uso wa mwenzako, na wewe utaitisha ukoo mzima sebuleni kuja kutazama kisogo chako.

Dawa yake ni penseli. Kwenye skripti, juu ya neno lenyewe, andika: "kikombe, kulia, nusu". Chai ikipungua, mwombe mtu wa vifaa airudishe nusu kabla hamjaanza upya. Na usijipe vitendo vingi: viwili vinatosha kwa sini ya namna hiyo. Anayekunja kanga, anakunywa chai, anajikuna na kuangalia dirishani atasahau mpangilio kabla ya rudio la tatu.

Machozi nayo yana bajeti. Muulize dairekta mapema ni pembe ipi inaanza. Ukimwaga yote kwenye picha pana, ambako uso wako ni mdogo kama kidole gumba, kamera itakaposogea karibu utakuwa na macho mekundu makavu.

Jambo la pili linalowaangusha wapya ni kwamba sini hazirekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Nyumba ya kurekodia ikipatikana kwa siku moja, sini zote za sebule hiyo zinamalizwa siku hiyo: ya 3, ya 17, ya 42. Kuwa na daftari. Kwa kila sini andika namba yake, ni siku gani ya hadithi, nimetoka wapi, nimevaa nini, na mpaka hapa ninajua nini. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Kama mhusika wako anagundua usaliti wa mumewe sini ya 20, na sini ya 12 inarekodiwa saa moja baada ya hiyo ya 20, uso wako unatakiwa usijue. Nguo zipige picha kwa simu, hata kilemba kimefungiwa upande gani.

Usaili wenyewe siku hizi mara nyingi unaanza na video ya simu. Tumia kamera ya nyuma, simu ilale kwa ubavu, iwe usawa wa macho, mita 1.5 hadi 2 kutoka ulipo, na usivute picha kwa zumu. Fremu ianzie juu kidogo ya kichwa iishie kifuani. Dirisha liwe mbele yako. Likiwa nyuma, unageuka kivuli. Zima feni. Chumba chenye vigae na kuta tupu kinarudisha mwangwi, kwa hiyo simamisha godoro au tundika blanketi nyuma ya simu, mahali kamera haioni. Anayekusomea maneno ya upande wa pili akae ubavuni mwa simu, asome kwa sauti ya chini kuliko yako, na wewe mtazame yeye, si lenzi. Ukituma kama video ya kawaida kwenye WhatsApp picha inabanwa ubora. Itume kama dokumenti, na faili lipe jina lako.

Mistari ikariri bila mahadhi, ukiosha vyombo au ukipiga pasi. Ukiikariri pamoja na mahadhi, dairekta akisema "punguza hasira" maneno nayo yanapotea.

Pa kujifunzia papo. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinafundisha kwa muda mrefu. Kikundi cha mtaani kinafundisha kwa kurudia. Mwigizaji wa filamu wa Tanzania, Steven Kanumba, alipitia Kaole Sanaa Group kabla ya jina lake kuvuka mipaka. Lupita Nyong'o alifanya kazi ya usaidizi nyuma ya kamera kwenye filamu iliyorekodiwa Kenya na kutoka mwaka 2005, akaonekana kwenye tamthilia ya Shuga mwaka 2009, akamaliza masomo ya uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2012, na Oscar ikaja mwaka 2014. Tunawasihi wapya wakubali kazi ndogo za seti, hata kushika kibao cha kuhesabia sini. Ukisimama karibu na skrini ya dairekta siku moja utaona ni waigizaji gani wanasumbua, na kwa nini.

Kabla ya kwenda seti, maandishi. Yataje idadi ya siku, malipo na lini yanalipwa, nauli hasa mkimaliza usiku, nani anagharamia nguo, na siku ya ziada italipwaje. "Tutaelewana" si kifungu cha mkataba. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi asaini na awepo seti. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inazuia kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kwa hiyo mzazi akiona sini ya mwanawe imepangwa saa 4 usiku, aombe ihamishwe siku ratiba inapotoka, watu wa taa wakiwa bado hawajapakia vyombo kwenye gari.