Shangazi, nimeambiwa nijieleze kwa wagonjwa wangu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni tabibu wa kairopraktiki, kazi yangu ni kutibu migongo, shingo na viungo kwa mikono. Mkuu wa kliniki ametaka kila tabibu aandike maelezo mafupi yatakayobandikwa ukutani penye viti vya kusubiri, chini ya picha yake: katokea wapi, kwa nini alichagua kazi hii, na anapenda kufanya nini akiwa nje ya kazi. Wenzangu wamemaliza. Mimi nimekwama. Baba yangu alikuwa mbeba mizigo, mgongo ukamharibikia, akaishi na maumivu na hasira hadi alipofariki, na hakuwahi kuniruhusu nimguse. Ndoa yangu ilivunjika mwaka jana. Zamani niliimba kwaya, niliacha. Siku hizi nikitoka kazini nalala tu, maana kifundo cha mkono huniuma usiku, na siku ya mapumziko ndugu hujilaza kwenye zulia niwanyooshe. Mkuu anasema wagonjwa wanapenda kisa cha uponyaji, nitunge hata kidogo. Nifanyeje? Wako, Mikono Imechoka.*

Marahaba mwanangu.

Usitunge. Naanza na hilo kwa sababu mkuu wako anasubiri jibu na wewe unakaribia kumkubalia.

Kisa cha uponyaji kina nguvu kuliko cheti, na hatari yake iko hapohapo. Mgonjwa akisoma ukutani kwamba wewe mwenyewe ulikuwa hujiwezi, ukasimama kwa matibabu haya, atapanda kitandani akiamini yake yatakuwa yaleyale. Utakuwa umemwahidi kitu kabla hujamgusa.

Taaluma yenu imelijua hili tangu kuzaliwa kwake. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyewahi kuwa mwalimu, mfuga nyuki na mwenye duka kabla ya kujiita mponyaji wa nguvu za sumaku, alisema kwamba Septemba 1895, mjini Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, alisukuma pingili moja ya mgongo wa Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa na tatizo la kusikia, na Lillard akaanza kusikia. Kisa hicho ndicho kilichobeba shule na taaluma nzima. Lakini binti wa Lillard alikuja kukisimulia kwa namna tofauti na Palmer, na madaktari nao waliuliza swali lisilokwepeka: neva ya usikivu hutoka sikioni ikaingia ubongoni, haipiti mgongoni, sasa sikio lilifunguliwaje? Zaidi ya karne moja imepita na matabibu wa leo, ambao wengi wao hawamtibu mtu masikio, bado wanaulizwa kuhusu sikio lile. Wakati huohuo, jambo lenye ushahidi, kwamba kunyoosha mgongo kwa mikono kunaweza kupunguza maumivu ya kiuno kwa kiasi kinacholingana na mazoezi na tiba nyingine zinazopendekezwa, halipati msimuliaji. Halisisimui.

Kwa hiyo mkuu wako anaposema "hata kidogo", ujue hicho kidogo utakibeba wewe. Kila siku atakuja mgonjwa akuombe umsimulie, na kila siku utalazimika kukumbuka ulichodanganya jana.

Sasa, mgonjwa ana haki gani ya kukujua? Anayo, na wala si ndogo. Fikiri hali yake. Amelala kifudifudi, uso ameuzamisha kwenye tundu la kitanda, haoni chochote ila sakafu na ncha za viatu vyako. Mtu asiyemjua ameweka kiganja juu ya mgongo wake na anamwambia avute pumzi. Mtu aliye katika hali hiyo anataka kujua huyu ni nani. Ana haki ya kujua ulisoma wapi na kwa muda gani, kama una leseni halali pale sheria inapoitaka, unatibu nini, na hasa nini hutibu. Ana haki ya kuelezwa kwamba mlio ule anaousikia kiungo kinaponyooshwa unatokana na gesi iliyomo kwenye majimaji ya kiungo, wala si mfupa uliohama ukirudi mahali pake. Kama ni shingo, ana haki ya kuelezwa kabla hujamshika kwamba ipo hatari, ya nadra lakini kubwa, ya mshipa wa damu wa shingoni kuchanika, na kwamba akikataa hutachukia. Hiyo ndiyo historia yako anayoidai. Ningependa ikutane na macho yake kabla ya picha yako.

Ndoa yako haidai. Talaka si siri ya aibu, lakini pia si sifa ya kitabibu, na hakuna mgonjwa atakayepona haraka kwa kuijua. Iache nyumbani.

Suala la baba ni gumu zaidi, nami nimelisoma zaidi ya mara moja. Umeandika kwamba hakuwahi kukuruhusu umguse, kisha ukahamia kwenye ndoa bila hata kuvuta pumzi. Nadhani hapo ndipo kalamu yako ilipokwama, na wala si kwenye maelezo ya ukutani. Ulikua ukimtazama mtu anainuka kitini kwa vituo, mkono mmoja ukutani, huku nyumba nzima imenyamaza kusubiri kama leo atafoka. Ukaenda kusomea mgongo. Ukarudi na mikono inayojua. Akakataa.

Pole, mwanangu. Hilo linauma, na wala halijaisha kwa kuwa yeye amefariki.

Lakini nakuomba ulitazame kutoka upande wake pia. Mtu aliyeishi kwa nguvu za mgongo wake, ukamsaliti, huenda kitu pekee alichobaki nacho mbele ya wanawe ni kutoonekana amelazwa kifudifudi. Labda alikataa kulazwa mbele ya mtoto wake, na elimu yako hakuwa na ugomvi nayo. Sikuletei hili kama dawa, kwani simjui. Nakuletea kwa sababu umekuwa ukilisoma kama hukumu juu yako, na ipo namna nyingine ya kulisoma.

Je, uliandike ukutani? Kipimo changu ni hiki: andika lile tu ambalo mgonjwa yeyote akikuuliza, siku yako mbaya kuliko zote, kiganja chako kikiwa mgongoni mwake, utaweza kulijibu kwa sauti ileile na kuendelea na kazi. Ukiandika kuhusu baba, swali litakalofuata linajulikana: "Ulimponya?" Kama leo swali hilo litakutoa machozi, usiandike. Kama unaweza kusema, "Hapana, hakutaka, nami niliheshimu," basi andika mstari mmoja.

Kuna mstari wa tatu, ule wa nje ya kazi, na kwangu huo ndio wenye uzito. Umeukuta mtupu ukaona aibu. Usidhani kila mtu wa kazi yenu lazima awe na maisha ya kuonyesha. B. J. Palmer, mtoto wa yule mwanzilishi, alimiliki hadi kituo cha redio, WOC, ambako Ronald Reagan alitangaza michezo kabla hajawa mwigizaji na, miaka mingi baadaye, rais. Kwake maisha ya nje na tangazo la kazi vilikuwa kitu kimoja. Wewe si lazima umpe mtu burudani yako aitazame. Mstari huo unaweza kuachwa kabisa, na mkuu hana sababu ya kuudai.

Ila utupu wenyewe usiuache. Umeniandikia kwa maneno machache kwamba kifundo kinauma usiku, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Mwanangu, wewe ni tabibu. Mgonjwa angekuambia maumivu yanamwamsha usiku, ungemwacha atoke mlangoni bila kumpima? Matabibu wa mikono huumia sana vifundo, mabega na viuno kwa sababu ya kazi yenyewe, na wengi hujitibu wenyewe hadi wanashindwa. Nenda kwa mtu mwingine akupime, uvue koti la kliniki na uwe mgonjwa.

Na zulia lile likunjwe. Najua ni vigumu, ndugu ni ndugu, na mjomba akishajilaza hapo na kuita jina lako mbele ya watu, kukataa kunaonekana kiburi. Lakini kliniki unamuuliza mtu kama ana shinikizo la damu, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama mifupa yake imedhoofika, kama mguu unakufa ganzi. Kwenye zulia, watoto wakiruka huku na huku, unamuuliza nini? Mwambie: "Mjomba, leo sishiki mgongo wa mtu. Njoo kliniki nikupime kwanza." Akinuna, atanuna. Mwenye kukupenda atarudi kukuuliza mkono wako unaendeleaje.

Kwaya sitakuamuru. Nimeona tu kwamba ndicho kitu pekee katika barua yako ambacho hakihitaji mikono, na ulikitaja bila mtu kukuuliza.

Haya, haya ndiyo ningebandika mimi:

"Nimesomea kairopraktiki na nina leseni. Nilikulia nyumba moja na mtu aliyeumwa mgongo kwa miaka mingi. Kabla sijakushika nitakuuliza maswali mengi, nitakueleza ninachotaka kufanya, na ukisema hapana, sifanyi. Ukiona ganzi katikati ya mapaja, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, usinisubiri mimi, nenda hospitali mara moja."

Mstari wa pili ni wako, uubakize au uufute. Mkuu akiendelea kudai kisa, mwambie hutaweka jina lako chini ya jambo ambalo halikutokea, na mpe hayo manne yaliyo kweli. Kifundo kipimwe wiki hii, kabla ya karatasi, kisha uniandikie walichokuambia.

Shangazi